Unene wa Mpira: Habari za Tairi la Baisikeli katika Nchi ya Songea

Wasikilizaji wetu, chukueni tairi jipya la baisikeli, lile la kawaida la inchi 28, mkalipime kwa rula pale katikati panapokanyaga njia. Mtaona kwamba mpira uliofunika nyuzi una unene wa milimita 3 au 4 tu, na pengine chini ya hapo. Kisha chukueni tairi lililokwisha kazi, lililo kipara, ambalo nyuzi zake zimeanza kuchungulia. Hilo halina tena kitu katikati. Tofauti ya matairi hayo mawili haizidi unene wa sarafu mbili zilizopandanishwa, na ndani ya tofauti hiyo mna maisha yote ya tairi: safari za sokoni na shuleni, magunia ya mahindi, mgonjwa aliyepakiwa kwenye keria usiku kupelekwa zahanati.

Twataka kueleza unene huo ulitoka wapi, na kwa nini tairi moja hudumu miaka na lingine hufa kabla ya mavuno mawili. Habari hii si ya mafundi peke yao. Katika nchi hizi za kusini mpira umepita mara mbili. Mara ya kwanza ulitoka mwituni, ukachukuliwa vichwani kwenda pwani, nao waliouchukua hawakujua utafanywa nini. Mara ya pili ulirudi kutoka ng'ambo, mweusi, umefungwa kwa karatasi, nao ukauzwa kwa fedha.

Kwanza tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi wachukue kalamu. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja huenda mbele kama mita 2 na robo. Basi katika kilometa moja huzunguka karibu mara 450. Toka Songea hata Peramiho ni kadiri ya kilometa 24. Kwenda na kurudi gurudumu limezunguka zaidi ya mara 21,000, na kila mahali katika tairi pamegusa ardhi mara hizo zote. Tuseme tairi limepoteza milimita 3 baada ya kilometa 4,000. Limezunguka kama mara 1,800,000, na kila mzunguko umelipunguza chini ya sehemu mbili za milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Jicho haliwezi kuona upungufu huo, wala mkono hauwezi kuuhisi. Ndiyo maana mtu husema, "Tairi langu lilikuwa zima jana tu."

Kwa hesabu hiyo mtu aweza kudhani kwamba tairi nene maradufu litadumu maradufu. Mwulizeni fundi yeyote akaaye chini ya mwembe na pampu yake, atacheka. Amekwisha kuona matairi mengi yaliyokufa huku kashata zake zingali ndefu, na mengine membamba yaliyozeeka kwa heshima. Sababu zake tutazieleza, lakini yatupasa kwanza kujua mpira wenyewe ni kitu gani.

Mpira ni utomvu wa miti. Zamani Wazungu waliujua, lakini haukuwafaa sana, maana wakati wa joto ulikuwa laini na kunata kama asali, na wakati wa baridi ulikuwa mgumu na kupasuka. Katika mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba utomvu ukichanganywa na kiberiti, yaani salfa, kisha ukapikwa kwa moto, hubadilika tabia: huvutika na kurudi, wala hauyeyuki juani. Mwaka 1845 Robert William Thomson wa Scotland aliandikisha haki ya gurudumu lenye mpira uliojazwa upepo, lakini siku zile baisikeli ya kulitumia haikuwako, na uvumbuzi wake ukasahauliwa. Hata mwaka 1888 daktari wa mifugo mjini Belfast, John Boyd Dunlop, alibuni jambo lile lile upya kwa ajili ya baisikeli ya mwanawe, ya magurudumu matatu. Safari hii ulimwengu ulikuwa tayari. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1885, baisikeli yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuendesha gurudumu la nyuma ilikuwa imekwisha kutengenezwa Coventry, Uingereza. Umbo lake ndilo hili tunaloliendesha hata leo.

Katika miaka ya 1890 watu wa Ulaya na Marekani walinunua baisikeli kwa wingi mno. Tamaa ya mpira ikaenea duniani pote, nayo ikafika hata katika misitu ya kusini.

Mimea ya mpira ya nchi zetu haikuwa miti mikubwa. Ilikuwa mimea itambaayo, ijikongojayo juu ya miti mingine, ya jamii moja na mbungo ambao matunda yake watoto huyala. Mmoja wapo hata leo huitwa na wataalamu kwa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Waingereza Unguja, kwa kuwa ndiye aliyeupeleka kwa wajuzi wa mimea. Mchumaji aliuchanja mmea kwa kisu. Utomvu mweupe ukatoka kama maziwa. Wengine waliupaka mkononi, tangu kiganja hata kiwiko, pamoja na maji ya chumvi, ukaganda hapo hapo juu ya ngozi; kisha wakauvua kama mtu avuavyo mkono wa kanzu, wakauviringa kuwa tonge. Tonge zile ndizo zilizouzwa. Katika nchi ya Liwale na Udonde, mashariki ya Songea, biashara hii ilikuwa kubwa, na misafara ilishuka nayo hata Kilwa na Lindi. Wafanya biashara walilalamika mara kwa mara kwamba ndani ya tonge wamekuta mchanga au jiwe. Sisi hatuwashangai wachumaji. Aliyechanja mmea jua kutwa hakupima yeye mizani, wala hakupanga bei.

Tena ilikuwapo haja ya fedha. Wadachi walijenga boma Songea mwaka 1897, na mwaka 1898 kodi ya nyumba ikaanza katika nchi yote waliyoitawala, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Palipokuwa na mpira, mtu aliweza kuitafuta rupia mwituni. Pasipokuwa na mpira alipaswa kuitafuta kwa kazi ya mikono, na mara nyingi mbali na kwao.

Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905 vilianzia Umatumbi, palipokuwa na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kisha vikaenea Ungindo na kufika Ungoni. Hatusemi kwamba mpira ndio uliovileta, kwa maana sababu zake zilikuwa nyingi. Lakini njia za biashara ya mpira zilifungwa na vita hivyo, na watu waliokuwa wakiuchuma wakawa wapiganaji, wakimbizi au maiti. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga viongozi na mashujaa wa Kingoni kwa makumi mjini Songea. Naye Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa mwaka huo huo. Majeshi yalichoma vyakula ghalani na mashambani, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Wanahistoria hukadiria waliokufa katika vita na njaa yake kuwa 250,000 hata 300,000.

Mahali pengine mpira wenyewe ndio uliokuwa vita. Katika Kongo, iliyokuwa mali ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, tangu 1885 hata 1908, kila kijiji kilipewa kiasi cha mpira cha kuleta. Wanawake walifungwa mpaka waume zao warudi na utomvu, na wengi walikatwa mikono. Karani mmoja wa kampuni ya meli, E. D. Morel, aliligundua jambo hili kwa kusoma hesabu tu: aliona meli zinakuja Ulaya zimejaa mpira na pembe, na zinarudi Kongo na bunduki na risasi, wala hazina bidhaa za kulipia. Twaona ni ajabu kwamba siri ya nchi nzima ilifichuliwa na vitabu vya bandarini. Siku hizo hizo vijana wa Antwerp na London walikuwa wakitembea kwa baisikeli Jumapili, wasijue wamekalia nini.

Mpira wa mwituni haukuishi sana sokoni. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa amechukua kutoka Brazili mbegu kama 70,000 za mti wa mpira ulio bora. Zilipandwa katika bustani ya Kew, London, na kadiri ya 2,700 tu zikaota. Miche ilipelekwa Ceylon na Singapore, na kwa miaka thelathini ikazaa mashamba makubwa ya Malaya. Wakati mashamba hayo yalipokuwa machanga, bei ya mpira ilipanda kupita kiasi. Mwaka 1910 ratili moja ilifika shilingi 12 na senti za Kiingereza juu yake mjini London. Wadachi walipanda mpira Tanga na Morogoro kwa pupa, lakini walichagua mti mwingine, uliotoka Ceará, Brazili, ambao ni ndugu wa muhogo. Mashamba ya Malaya yalipoanza kutoa kwa wingi, bei ikaanguka, na mwaka 1913 mashamba mengi ya mpira katika nchi yetu yaliachwa porini. Miti ile haikutoweka. Watu waligundua kwamba majani yake hupikwa, na mpaka leo mboga ile huitwa kisamvu cha mpira. Mlaji akiitia nazi hakumbuki kabisa habari za matairi.

Basi mpira wa tairi la baisikeli lililofika Songea baadaye haukutoka tena Udonde. Ulitoka Malaya, ukapikwa Uingereza, ukaletwa kwa meli. Tena ulikuwa na rangi mpya. Matairi ya kwanza yalikuwa meupe au ya kijivu, maana waliyachanganya na unga mweupe wa zinki. Mnamo mwaka 1904 wafanya kazi wa Silvertown, London, walijaribu kutia masizi ndani ya mpira, wakaona kwamba mpira wenye masizi mengi haulikiki upesi kama ule mweupe. Polepole ulimwengu wote ukafuata. Hapa ndipo jibu la kwanza la swali letu: milimita 3 za mpira uliopikwa vema na kutiwa masizi mazuri hushinda milimita 5 za mpira uliojazwa unga wa chokaa ili uwe mzito na rahisi. Mnunuzi huona unene. Mpishi wa mpira ndiye ajuaye kilichomo.

Katika nchi ya Songea baisikeli ziliongezeka watu walipopata fedha za mazao. Wamatengo walilima kahawa milimani, Wangoni tumbaku ya kukaushwa kwa moshi, na mwaka 1936 chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilianzishwa ili kuuza tumbaku. Baisikeli za Kiingereza, kama Raleigh na Hercules, zikawa alama ya mtu aliyevuna vizuri. Baada ya miaka zilikuja za Kihindi na za Kichina, na Phoenix ikajulikana kila kijiji. Lakini watengenezaji wake walimfikiria mtu mmoja aendaye kazini. Mtu wa Songea aliifanya kuwa punda.

Angalieni jinsi uzito unavyogawanyika. Mwendeshaji wa kilo 60 huweka kama kilo 36 juu ya gurudumu la nyuma na 24 juu ya lile la mbele. Mpakieni gunia la kilo 50 kwenye keria: sasa nyuma ni kilo 86, mbele ni zile zile 24. Tena gurudumu la nyuma ndilo lisukumwalo na mnyororo. Hilo husugua ardhi kila mara mguu unapokanyaga pedeli. Kwa hiyo tairi la nyuma huisha mapema sana kuliko lile la mbele. Desturi ya wengi ni kununua tairi jipya, kulitia nyuma, na lile la zamani kulipeleka mbele. Kwa njia ya tambarare ya kwenda Namtumbo hatuna neno. Lakini kwa mtu ashukaye milima ya Umatengo twaona desturi hiyo ni hatari, maana tairi la nyuma likipasuka baisikeli huyumba, bali la mbele likipasuka humwangusha mtu kichwa mbele.

Upepo nao una kazi kubwa kuliko unene. Tairi lisilojazwa vema hukunjika ubavuni kila linapozunguka, yaani mara 450 katika kilometa moja. Nyuzi zilizomo ndani husuguana, zikakatika moja moja, na ubavu ukapasuka huku kashata zikiwa nzima. Haya ndiyo matairi aliyoyacheka fundi wetu. Tena ukigonga jiwe, rimu hubana mpira wa ndani na kuutoboa matundu mawili kwa pamoja, kama meno ya nyoka. Fundi akiona matundu mawili hamtafuti mwiba. Humwambia mwenyewe aongeze upepo. Katika vijiji vingi watu hujaza nusu kwa kuogopa kwamba tairi litapasuka juani, nao huliua kwa huruma hiyo.

Jua nalo hula mpira, na hewa yenyewe pia, hata baisikeli ikiwa imesimama. Tazameni tairi lililowekwa uani mwaka mzima bila kutumika: limejaa nyufa ndogo kama tope lililokauka. Mafuta ya mnyororo yakidondokea tairi huulainisha mpira. Na vijana wanaoteremka mlima wakakaza breki hata gurudumu likasimama na kuburutwa, hao huondoa mahali pamoja, kwa sekunde chache, unene ambao safari ya mwezi isingeuondoa. Tairi hupata bapa, na bapa hilo ndilo mahali nyuzi zitakapotokea kwanza.

Njia za Songea zilikuwa za changarawe na mchanga kwa muda mrefu. Changarawe hailambi mpira, huukata. Ndiyo maana kwa njia hizo tairi nene lina faida ya kweli: mwiba na jiwe kali huingia milimita 2 zikakoma kabla ya kufika kwenye nyuzi. Barabara ya lami toka Makambako ilifika Songea katika miaka ya 1980, na zile za kwenda Mbinga na Tunduru zilitiwa lami katika miaka ya 2010. Juu ya lami tairi huisha polepole na kwa usawa, kama sabuni, wala unene mkubwa hauhitajiwi sana. Humchosha mwendeshaji bure kwa uzito.

Thamani ya milimita hizo haikujulikana kamwe kama katika miaka ya 1942 hata 1945. Wajapani waliishambulia Malaya Desemba 1941. Askari wao wengi walipanda baisikeli, na matairi yalipopasuka kwa joto na njia mbaya waliendelea juu ya rimu tupu, zikitoa kishindo ambacho adui gizani alikidhani cha vifaru. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ilianguka. Hivyo nchi za mpira zilitekwa na watu waliokosa matairi, na Waingereza na Wamarekani wakapoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mpira wao kwa miezi michache. Huku Tanganyika miti ya Wadachi iliyoachwa tangu 1913 ilianza kuchanjwa tena, na watu walikusanywa kwa amri ya Serikali kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mpira na mkonge. Tairi la baisikeli likawa kitu cha kutafutwa kwa kibali na kwa kujuana.

Siku za dhiki kama zile ndizo zilizowafundisha watu kulinda kila uzi. Tairi lililochanika lilishonwa kwa uzi mgumu, na ndani yake pakawekwa kipande cha tairi kuukuu kuziba tundu. Mpira wa ndani uliwekwa viraka juu ya viraka. Na alipokosa mpira wa ndani kabisa, mtu alijaza majani makavu ndani ya tairi, akayashindilia mpaka yakawa magumu, akaenda nayo taratibu akisikia kila jiwe mgongoni. Sindano ya kushonea na kipande cha tairi kuukuu havijatoka katika sanduku la fundi wa kijijini hata baada ya pikipiki kushika njia.

Kwa maana tairi la baisikeli likiisha halitupwi. Kipande chake chawekwa ndani ya lingine mahali palipochanika. Mpira wa ndani hukatwa kwa mkasi kuwa kamba ndefu, na kamba hizo ndizo zinazofunga mkaa, kuku na magunia katika keria zote za mkoa. Mabaki madogo huwa manati. Lakini kwa katambuga, viatu vya mpira, watu hutaka tairi la gari, kwa kuwa la baisikeli ni jembamba mno kwa unyayo. Mengi yalitoka kiwanda cha Arusha, kilichosimama mwaka 2009, na katambuga zake bado zinatembea.

Nasi tumewaona wachukuzi wa mkaa wakiteremka mlimani na baisikeli ambayo breki zake zimekwisha zamani. Mtu huinua mguu mmoja kutoka pedeli, akaukaza wayo wa katambuga juu ya tairi, mpira juu ya mpira, moshi kidogo ukatoka, na mzigo ukapunguza mwendo. Jioni hutazama vyote viwili, kiatu na tairi, kuona kipi kimeliwa zaidi.